Hamu Hakulaaniwa kwa Kuomba Msaada

 

Leo siandiki neno fupi la asubuhi. Ni refu, tafuta mahali ukae.

Jumapili iliyopita nilitangaza kwamba kanisani kwetu tunaanza kikundi cha watu wazima waliolelewa na baba au mama mlevi. Watakutana mara moja kwa wiki, wazungumze, wasikilizane, waombe, waende nyumbani. Tangazo lilichukua dakika mbili. Majibu yake hayajaisha hadi leo. Wengine wameandika, wengine wamepiga simu usiku, na wazee wawili ninaowaheshimu walikuja nyumbani wakanywa chai na kunionya. Maneno yanayorudiwa ni matatu: kwamba ninafundisha watoto kuwavua wazazi wao nguo, kwamba aliyeokoka ni kiumbe kipya na hana haja ya kikao cha kulia, na kwamba haya ni mambo ya wazungu.

Ninajibu hadharani kwa sababu wale wanaokihitaji kikundi hiki wako hapa, wanasoma kimya, na wanangoja waone kama mchungaji atarudi nyuma. Sirudi.

Wengi mmenitumia Mwanzo 9, habari ya Nuhu. Mnaijua. Mzee alipanda mizabibu, akanywa, akalewa, akalala uchi hemani. Hamu akaona, akatoka nje, akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua vazi, wakaingia kinyumenyume, wakamfunika. Nuhu alipoamka, laana ikatoka. Na tafsiri tuliyolishwa tangu shule ya Jumapili ni hii: ukisema mambo ya baba yako unalaaniwa kama Hamu, basi nyamaza.

Sasa fungua Biblia yako usome polepole, usisome kwa kumbukumbu ya mahubiri. Mstari wa 25, aliyelaaniwa ni nani? Si Hamu. Ni Kanaani, mtoto wa Hamu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Kanaani alitia mguu ndani ya hema lile. Babu alilewa, baba akakosea, mtoto akabeba. Wasomi wamebishana juu ya mstari huo kwa karne nyingi, na sisi katika chuo cha Biblia tulibishana nao tukatoka darasani hatujaelewana. Lakini mtu aliyekulia katika boma lenye ulevi hahitaji mwalimu wa Kiebrania. Anajua tayari kwamba pombe ikinywewa na mkubwa usiku, asubuhi anayelipa ni mdogo kuliko wote.

Halafu angalia tofauti ya Hamu na ndugu zake. Tumeambiwa mmoja alisema na wawili wakanyamaza. Shemu na Yafethi walijuaje basi? Waliambiwa. Na walipoambiwa hawakujibu kwamba baba hakulewa, baba amechoka tu na jua la shamba. Hawakuweka kufuli kwenye hema. Waliukubali ukweli wote jinsi ulivyo, kisha wakatafuta nguo. Ubaya wa Hamu ni kwamba aliona, akatoka mikono mitupu. Na kuna jambo dogo ambalo wahubiri huliruka: lile vazi lilikuwa mabegani mwao wote wawili. Yafethi angejaribu peke yake, kwa kurudi kinyumenyume, angemkanyaga mzee. Kazi ile ilitaka watu wawili wenye baba mmoja na aibu moja. Kikundi ninachokitangaza ni hicho tu.

Na kama kuutaja ulevi wa baba ni dhambi, basi Musa ndiye mwenye dhambi kubwa kuliko wote, maana Nuhu ni babu yetu sote na habari yake imesomwa dunia nzima.

Kuheshimu baba na mama ni amri, na nitaihubiri hadi nizikwe. Lakini wanaonitumia Waefeso 6:2 wasichoke kabla ya kufika mstari wa 4, ambapo Paulo anawageukia akina baba na kuwakataza kuwachokoza watoto wao. Tena wengi wa hawa ninaowazungumzia ndio wanaoheshimu kuliko ninyi mnaonikemea. Wamemjengea baba nyumba ya mabati. Wanamlipia matibabu, wanamtumia pesa ya sukari na majani chai kila mwezi. Na bado mlango ukigongwa kwa nguvu, tumbo linakaza, mtu wa miaka 40 na watoto wake.

Niseme kidogo juu ya wengine ambao husahaulika. Kuna waliolelewa na mzazi asiyekunywa ila aliyepika. Hapa kwetu tunajua kazi hiyo: unga wa mahindi unachachishwa, unakaangwa kwenye bati, unatiwa kimea cha wimbi. Karo ya kidato cha kwanza ya baadhi yenu ilitoka kwenye pipa la busaa, na simdharau mama yeyote aliyesomesha hivyo. Lakini mtoto ndiye aliyewahudumia wanaume wale jioni, akashikwa alipokuwa hataki kushikwa, kisha polisi walipokuja akatumwa kuficha mtungi ndani ya miwa. Chang'aa ilikuwa marufuku kisheria tangu 1980 hadi 2010, ilipokuja ile sheria ambayo watu waliiita ya Mututho, na hata leo ile ya kupikwa nyuma ya nyumba bila leseni bado ni haramu. Kwa hivyo kizazi kizima hapa kilikua kikiwa na hofu mbili, ya mlevi na ya askari. Hao pia waje.

Sasa hoja ya pili, kiumbe kipya. Ninaiamini 2 Wakorintho 5:17. Ninaweka mikono juu ya watu na mapepo hutoka, mmeyaona kwa macho yenu. Lakini someni Yohana 11 hadi mstari wa 44. Lazaro alitoka kaburini akiwa hai kabisa, na bado alikuwa amefungwa sanda mikono, miguu na uso. Yesu angeweza kuiyeyusha sanda ile kwa neno. Hakufanya hivyo. Aliwaambia waliosimama pale wamfungue. Uhai ulitoka kwa Bwana, na sanda ikaachiwa mikono ya watu. Sasa sisi tunamwambia Lazaro, umefufuka, mbona unatembea vibaya? Imani yako ni ndogo.

Nitawaambia ninachokiona kutoka mimbarini. Kuna dada ambaye ni mhudumu wa mlangoni, ni mwanakwaya, anafagia kanisa Jumamosi, anapika mkutano ukiwa na wageni, na hajawahi kusema hapana kwa mtu yeyote. Wachungaji tunawapenda sana watu wa namna hiyo. Uliza alijifunza wapi kutosema hapana. Alijifunza akiwa na miaka 8, kifungua mimba, akitumwa kumtoa baba kwa mama pima kabla pesa ya miwa haijaisha, akirudi kupikia wadogo zake, akificha panga chini ya kitanda, akijua kwa mlio wa miguu uani kama usiku huo watalala nyumbani au shambani. Hajaacha kusikiliza miguu. Sasa anasikiliza ya mume wake, ya mwajiri wake na ya mchungaji wake. Akiona uso wangu umekunjwa anakuja kuomba msamaha, na mimi nilikuwa tu na jino linauma.

Kuna ndugu mwingine ambaye hajawahi kugusa pombe, ila nyumbani kwake watoto hunyamaza akiingia. Hanywi, na hasira ya baba anayo yote. Huyo tunamwita shemasi mwenye msimamo.

Kuna pepo la woga, ndiyo, na tunalikemea. Lakini woga ambao mtoto alifundishwa kila jioni kwa miaka 15 ni somo pia, na somo haliondoki kwa kukemewa usiku mmoja wa kesha. Mtu anahitaji kufundishwa upya, jioni baada ya jioni, na watu ambao hawatampigia kelele.

Mwaka 1998 madaktari wawili Wamarekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walianza kutoa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika San Diego. Waliwauliza watu zaidi ya 17,000, watu wenye bima ya afya na maisha ya kawaida, juu ya utoto wao. Swali mojawapo lilikuwa kama waliishi nyumba moja na mlevi. Mengine yalihusu kupigwa, kutukanwa, mama kupigwa. Kadiri mtu alivyojibu ndiyo mara nyingi, ndivyo hatari ya ulevi wake mwenyewe, ya huzuni nzito, ya kujaribu kujiua, hata ya ugonjwa wa moyo, ilivyopanda. Hawakuwa wakihubiri. Walikuwa wakihesabu, na hesabu yao inaelekea kule kule ambako Kanaani alisimama.

Tena mnisikilize juu ya ushuhuda. Mlevi akiokoka katika makanisa yetu tunamshangilia, na ni haki, mbinguni pia wanashangilia. Tunampa kipaza sauti. Anaeleza alivyolala mitaroni, alivyouza ng'ombe, alivyompiga mke wake, na sisi tunasema haleluya. Binti yake ameketi benchi ya tatu. Yule ng'ombe alikuwa karo yake. Hakuna aliyemuuliza kama anataka habari hiyo isemwe mbele ya watu 200. Ibada ikiisha anaitwa mbele amkumbatie baba, amsamehe, tupige picha. Baba anaruhusiwa kuyasema yote kwa sababu ni ushuhuda. Binti akisema robo ya hayo, ni Hamu. Nipeni mstari unaofundisha hivyo.

Msamaha ni amri, wala siupunguzi. Lakini msamaha wa kusukumwa mbele ya kamera unamwacha mtu na deni lile lile na sasa hana mahali pa kulitaja.

Kuhusu mambo ya wazungu, hapa nitaenda haraka, maana hoja yenyewe ni nyepesi. Kweli, vikundi vya namna hii vilianza Marekani. Walevi wawili, mmoja mtu wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, walianza AA huko Akron, Ohio, mwaka 1935. Wote walikuwa wamepitia kwenye ushirika wa Kikristo ulioitwa Oxford Group, na barua ya Yakobo ilikuwa miongoni mwa maandiko waliyoyapenda zaidi. Soma Yakobo 5:16 uone kama walichofanya ni kigeni kwa Biblia. Wake za walevi wakapata ushirika wao, Al-Anon, mwaka 1951. Vijana wakapata wao, Alateen, mwaka 1957. Watu wazima waliolelewa na walevi walikuja kupata chao karibu na mwisho wa miaka ya 1970, New York. Tazameni mpangilio huo: mnywaji kwanza, mke baada ya miaka 16, na aliyekuwa mtoto akaja mwisho. Hata wazungu walimsahau. Katika hilo tunafanana nao kabisa.

Na tusijifanye hatujui kukaa kwa duara na kusema ukweli. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937, uliendeshwa hivyo. Ndugu wa ushirika walikaa pamoja wakasema yaliyo moyoni bila kuremba, wakaita kutembea nuruni, na bibi zenu walikuwa humo. Mtaniambia wale walitubu dhambi zao wenyewe, hawakusema za baba. Kweli kabisa. Ila mtoto wa mlevi huja akiamini dhambi ya baba ni yake: angefua vizuri, angepata alama nzuri, angenyamaza, baba asingekunywa. Mtu huyo hawezi kutubu vizuri dhambi zake kwa sababu amejaza mikono na za mwingine. Ezekieli 18:20 ni lake, asomewe mpaka aamini.

Tena tuna mfano wa karibu. Eldoret, watafiti waliofanya kazi na AMPATH walijaribu vikundi kwa wagonjwa wa HIV waliokuwa wakinywa pombe. Walioongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, na walizungumza Kiswahili. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011, na unywaji ulikuwa umepungua. Hao walikuwa wanywaji wenyewe, si watoto wao, kwa hivyo sisemi ni kitu kile kile. Nasema tu kwamba Mkenya akiketi na wenzake kwa utaratibu na kusema ukweli, hageuki kuwa mzungu.

Na jamani, sisi! Bukura hii tuna chama cha mzunguko, chama cha mazishi, chama cha boda boda, chama cha ng'ombe wa maziwa, cha kununuliana viti na masufuria. Mtu akifiwa, kabla jioni haijaingia hema limesimama. Lakini mtu ambaye baba yake alikufa kwa ajili yake akiwa bado anatembea, huyo hana kamati.

Wanaosema shida hii ni ya watu wachache, sikilizeni. NACADA walipofanya utafiti wa nchi nzima mwaka 2022, eneo letu la Magharibi ndilo lililoongoza kwa unywaji wa pombe: asilimia 23.8 ya watu wa miaka 15 hadi 65, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 12.2. Karibu mtu 1 katika 4. Si kila anayekunywa ni mlevi, najua, msiniandikie hilo. Lakini kila mlevi anarudi mahali jioni, na mahali hapo mara nyingi pana watoto. Wakikua wanakuja kanisani. Hesabu benchi.

Sasa utaratibu, kwa wale ambao mmekuwa mkisoma kimya.

Tunaanza Jumamosi hii, saa tisa alasiri, chumba cha shule ya Jumapili. Si mimi nitakayeongoza, ni dada mmoja mwalimu na mzee mmoja wa kanisa, na wote wawili wametoka katika nyumba za namna hiyo na wamekubali niseme hivyo. Mimi sitakuwemo chumbani. Nimeamua hivyo kwa sababu najua mnachoogopa: kwamba Jumapili utasikia habari yako ikiwa mfano katika mahubiri, bila jina lakini kila mtu ameelewa. Hakuna litakalosemwa mle litakalofika mimbarini, wala kwa mama mchungaji, wala kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama.

Hakuna sadaka. Hakuna kuandikisha jina. Hulazimishwi kusema, unaweza kukaa wiki nne ukinywa chai tu. Hakuna atakayekuambia samehe leo. Hakuna kumlaani mzazi pia, na atakayeleta matusi ataombwa apumzike. Si lazima uwe wa kanisa letu. Friends, Katoliki, Anglikana, Mwislamu, karibu. Kama mzazi wako ameokoka na ameketi kanisa hili hili, karibu zaidi.

Jambo moja halitafichwa. Kama kuna mtoto anayepigwa au kuharibiwa sasa hivi, hilo si la kuombea chumbani. Linaenda kwa chifu na ofisi ya watoto siku hiyo hiyo. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Na kama ni wewe mwenyewe pombe imekushika, kikundi hiki si chako bado, lakini NACADA wana 1192, bila malipo pia, na mlango wangu unaujua.

Wazee wangu wawili, nimewasikia, na chai bado ipo mkitaka kurudi tuzungumze. Ila kikundi kinaanza.

Kama utafika na ukaogopa kuingia, kaa nje kwenye benchi chini ya mwembe. Mtu atakuja kuketi karibu nawe. Hatakuuliza umekuja kufanya nini. Viti 12 vimepangwa kwa duara, na vingine viko ukutani.

Mchungaji wenu,
Bukura.